Hata Nyama Ilikonda

Kama kuna neno moja la uongo humu ndani, meno yangu kumi na moja yaliyobaki yang'oke yote kabla sijafika nukta ya mwisho. Miaka thelathini na mmoja nimekula mshahara nikikagua mizani za watu, na mtu aliyezoea kupima gramu hawezi kutia chumvi kwenye maneno. Niliyoyaona, nimeyaona kupitia dirisha langu, ambalo linatazamana na bucha. Niliyoyasikia, nimeyasikia kupitia ukuta wa mbao wenye tundu, unaotenganisha chumba changu na nyumba ya mwenye bucha. Yale ambayo sikuyaona wala kuyasikia nayajua vilevile, kwa sababu mstaafu hana kazi nyingine.

Mwenye bucha tulimwita Tani. Alipopewa jina hilo alikuwa na kilo tisini na nne, shingo kama gogo, na nusu ya ng'ombe ilimkaa begani kama taulo. Nimemwona kwa macho haya akimtoa fahali mtaroni kwa kumvuta mkia, na fahali akashukuru. Haya, labda hakushukuru. Lakini alitoka.

Jumatatu ile alipopigwa, Tani hakuwa na nguvu za kumtoa mtaroni hata mbuzi.

Lori la machinjioni lilifika saa mbili asubuhi. Dereva, mtu mfupi mwenye mikono ya kubebea majeneza, akaingiza nusu ya ng'ombe, akaitundika kwenye mizani ya bucha, akatoa karatasi ya machinjio. Karatasi ilisema kilo themanini. Tani akatazama mshale.

"Sabini na mbili," akasema. "Nane ziko wapi?"

"Nane gani?"

"Nane ulizokula njiani. Wiki ya saba hii unanifanyia hivi, nakutazama tu."

Dereva akacheka, akawageukia wateja watatu waliokuwa wanasubiri. "Jamani, mimi nabeba, sili mbichi. Mwenye bucha, hebu jitazame. Humo ndani ya shati mna mtu au hanga?"

Wateja wakacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomuuma Tani kuliko nyama. Tangu aambiwe ana kisukari, tangu aache mkate, viazi, wali na kila kitu cha unga, watu walikuwa wanacheka nyuma yake. Siku hiyo walicheka mbele. Akachukua kulabu kutoka ukutani, akairusha. Zamani ingempasua dereva bega. Sasa ilimgonga kifuani, ikaanguka chini kwa mlio mdogo wa aibu.

Dereva alimpiga ngumi moja ya tumbo. Tani akakunjika. Ngumi ya pili ikampata sikioni, akaangukia kwenye maranda ya mbao yaliyolowa damu ya asubuhi, na dereva akampiga teke la mbavu, kisha la pili, kama anayegonga tairi kuona kama lina upepo. Hakuna mteja aliyesogea. Mmoja alishika mfuko wake wa nyama akauficha nyuma ili usirukiwe na uchafu.

Aliyeingia kati ni mke wa Tani. Yeye ni fundi cherehani, na meza yake iko barazani pale pale bucha. Aliingia na mkasi wa kukatia nguo nzito, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni.

"Mguse tena," akamwambia dereva, "nikushone mdomo huo, na ukosi juu."

Dereva aliutazama mkasi, akamtazama mwenye mkasi, akaona bora aondoke. Lakini alipofika mlangoni aligeuka. "Shemeji, mimi si mwizi. Nakuapia. Mpeleke mumeo apimwe akili."

*

Sasa niwaeleze juu ya ile mizani.

Ilikuwa saa kubwa ya duara yenye mshale mwekundu, inaning'inia kwenye boriti, na chini yake kulabu, ambayo wakati wa kuuza ilitundikwa sahani ya bati. Muuguzi wa zahanati alimwambia Tani ajipime uzito kila wiki. Mtu mwingine angetafuta mzani wa kukanyaga. Tani alifanya kama mtu wa kazi yake: kila Jumapili bucha ikifungwa, alishika kulabu kwa mikono miwili, akakunja miguu, akaning'inia kama mbuzi, na mkewe akasoma mshale. Mzani wake mwenyewe ndio pekee aliouamini duniani.

Miezi ya mwanzo ilikuwa raha. Tisini na nne, tisini, themanini na nne. Sukari ikashuka, kiu ikaisha, akaacha kuamka kwenda haja mara tano. Alipofika themanini muuguzi alimpa mkono. "Hapo pazuri, baba. Simama hapo." Tani hakujua kusimama. Akafika sabini na nane. Akafika sabini na sita.

Halafu, ndani ya wiki moja, mizani ikasoma sitini na nane.

Mizani hiyo, niseme tu kwa kupita, wiki hiyo hiyo ilikuwa imefanyiwa matengenezo ya bure na mtaalamu mmoja mstaafu, mtu wa heshima, ambaye sioni haja ya kumwingiza humu.

Kilo nane kwa siku saba! Mke na mume walitazamana, wakajua ni kifo. Tani aliamini sukari imerudi kwa mlango wa nyuma na inamtafuna, kwa hiyo akazidi kukaza. Aliacha mayai. Aliacha maharage. Alikula mnofu mtupu uliochemshwa na majani yaliyochemshwa, asubuhi na jioni. Sitini na saba. Sitini na sita. Sitini na nne. Suruali alizifunga kwa kamba ya kufungia nyama.

*

Jumatano wakaja ndugu zake. Dada Mkubwa, mwanamke mpana anayeingia chumbani kwanza kwa sauti, kisha kwa mwili. Na nyuma yake mdogo wao wa kiume, anayefuata popote dada anapokwenda na kupiga popote dada anapoelekeza kidole.

Dada Mkubwa alimkuta kaka yake amelala na mbavu zimefungwa kitambaa. Hakusalimia.

"Wifi, unampa nini ndugu yangu?"

"Anachotaka mwenyewe, wifi. Nyama na mboga."

"Mtu anaishi kwa majani? Sungura huyu? Mkate uko wapi? Sukari iko wapi?"

"Wifi, sukari ndiyo ugonjwa wenyewe."

"Ugonjwa ni wewe!" Na kofi likatua. Nililisikia kupitia ukuta kama mlango uliofungwa na upepo. "Unamkausha makusudi! Unamngoja afe uweke cherehani ndani ya bucha!"

Mke alikuwa jikoni, na mkononi alikuwa na sufuria. Maji ya mboga yalikuwa bado ya moto. Ashukuriwe Mungu aliyamwagia miguuni na si usoni. Dada Mkubwa alipiga ukelele, mdogo mtu akaingia, akamshika shemeji yake nywele, akamgonga kichwa ukutani mara mbili, upande wangu. Kalenda yangu ilianguka.

"Mwacheni," Tani alikuwa anasema kitandani. "Mwacheni mke wangu. Mimi mwenyewe ndiye..." Alijaribu kuinuka, akashindwa, na huko kushindwa kukawa ushahidi dhidi ya mkewe.

"Mnamwona?" Dada Mkubwa akasema, akipuliza miguu yake. "Jumapili nakuja kusoma mizani kwa macho yangu. Ikisoma chini ya sitini na tano, namchukua kwangu. Nitamlisha kama mtu. Na wewe utarudi kwenu na cherehani yako kichwani."

 Mke alikuwa anatema damu kwenye kiganja. Alijua hesabu moja tu: kwa wifi yake kuna mkate asubuhi, uji wa sukari mchana, na soda kila mgeni akija. Kwa Tani, huko kutakuwa kuuawa kwa upendo, kijiko baada ya kijiko.

*

Jumapili bucha ilijaa. Tani alishika kulabu, akakunja miguu. Mbavu zilimuuma mpaka machozi yakamtoka. Dada Mkubwa alisimama karibu na saa hata pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo.

"Sitini na tatu!" akatangaza, kama aliyeshinda mnada.

Mambo yaliyofuata yalikwenda haraka. Alikuwa amekuja tayari: kikapu chenye mkate mzima, chupa ya uji mtamu na soda sita za chupa. "Hangoji hata kufika kwangu. Anakula hapa hapa." Mdogo mtu akamshika Tani mikono kwa nyuma, akamkalisha juu ya gogo la kukatia nyama. Dada Mkubwa akambana pua kwa vidole viwili, mdomo ulipofunguka akaingiza chupa.

"Kunywa, ndugu yangu. Kunywa upone. Wanataka kukuua hawa."

Soda ilitoka puani, ikashuka kifuani. Tani alikuwa anapiga miguu. Ya pili. Uji. Mkate ulioloweshwa ndani ya uji, ukisukumwa kwa kidole gumba kama anayejaza utumbo wa soseji. Dada alikuwa analia huku akifanya hivyo, machozi ya kweli, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Mke alimrukia mgongoni. Akatupwa. Akarudi na ubao wa kukatia, akampiga shemeji yake bega, mkono mmoja wa Tani ukachomoka. Dada Mkubwa akageuka na chupa ya tatu, akaivunja kwenye ukingo wa meza, na sijui kama alikusudia kukata au kutisha, maana yeye mwenyewe mpaka leo hajui. Kioo kilipita kwenye mkono wa kushoto wa wifi yake, kutoka kwenye kiwiko mpaka karibu na kiganja. Damu yake ikaingia kwenye maranda yale yale.

Mimi nilikuwa dirishani. Nilitaka kutoka nikaamue, haki ya Mungu. Lakini kiatu kimoja hakikuonekana, na mtu wa heshima hawezi kwenda kuamua ugomvi na kiatu kimoja.

Aliyetokea ni dereva. Alikuwa anapita na lori tupu, akasikia kelele, akaingia. Alimtazama Tani, ambaye sasa alikuwa ametapika na kulegea, macho yamegeuka, halafu akamsukuma Dada Mkubwa kwa tumbo lake mwenyewe, akamwinua Tani begani kama anavyobeba kila siku. "Shemeji, funga mkono huo kwa tepu yako, panda mbele." Wakaenda zahanati, Tani akiwa nyuma ya lori kati ya kulabu tupu zinazogongana.

*

Kipimo cha sukari kilisoma ishirini na sita. Muuguzi, mwanamke mwembamba asiyepaza sauti, alimwekea Tani maji ya mshipa na dawa, akamshona mke nyuzi kumi na tisa, ndipo akakaa chini.

"Daftari la sukari mnalo?"

Mke akalitoa mfukoni mwa gauni. Kila asubuhi ilikuwa imeandikwa kwa penseli ya fundi: tano nukta nane, sita, tano nukta sita.

"Mpaka jana sukari ilikuwa nzuri," akasema muuguzi. "Ingekuwa juu huku mtu anakonda, ningeogopa kingine. Hapa sukari haimtafuni. Baba, unakula nini?"

"Nyama," akasema Tani kwa sauti ya kukwaruza.

"Nyama gani?"

"Mnofu. Nachemsha."

"Na mafuta yake?"

"Nayatoa. Nampa paka."

"Paka mnene?"

"Hapiti mlangoni."

Muuguzi hakucheka, ingawa mdomo ulitaka. "Nani alikwambia utoe mafuta?"

Tani alifikiri. Hakuna aliyemwambia. Miaka ishirini na saba wateja walikuwa wanamwambia, toa mafuta, toa mafuta, na alipougua alijihudumia kama mteja.

"Baba, ulipotoa unga ulipaswa kuweka kitu mahali pake. Wewe umefukuza wapangaji wote, halafu unashangaa nyumba inaoza. Hiyo ni njaa tu. Rudisha mayai. Kula parachichi, karanga, samaki wenye mafuta. Nyama ikaange, usiichemshe kama shuka. Maharage kidogo, halafu upime sukari uone. Kula mara tatu, ushibe. Mbavu zikipona uanze tena kubeba, maana nyama ya mwili isiyobeba inajiondokea. Kipimo cha vidonge vyako vya sukari usikibadilishe mpaka daktari akuone Alhamisi. Haya, panda hapa."

Akapanda mzani wa kukanyaga. Muuguzi akaandika.

"Sabini. Kwa urefu wako huu ndio mpaka. Usishuke hata nusu kilo."

"Sabini?" akauliza mke.

"Sabini kamili."

"Asubuhi alikuwa sitini na tatu."

"Mama, hata soda haina kilo saba."

 Dereva, aliyekuwa mlangoni akichezea kofia yake, alimwona mke akivuta ncha ya tepu iliyolowa damu, akihesabu kwa kidole gumba, kama afanyavyo nguo ikikataa kukaa.

"Dereva," akasema taratibu, "Jumatatu karatasi yako ilisema themanini?"

"Themanini, shemeji. Nilikuapia."

"Sisi tukasoma sabini na mbili. Nane katika themanini. Saba katika sabini." Akamgeukia mumewe. "Mume wangu, tuseme wewe una kisukari. Hii nyama nayo, mbona imekonda?"

*

Jumatatu aliwaita wote. Dada Mkubwa alikuja na miguu imefungwa vitambaa, mdogo mtu nyuma yake. Dereva alileta mfuko wa saruji ambao haujafunguliwa, kilo hamsini, alioununua njiani kwa hiari yake. Wakautundika.

Arobaini na tano.

 Dada Mkubwa aliutazama mshale, akautazama mkono wa wifi yake uliofungwa mpaka kiganjani, na kwa mara ya kwanza maishani mwake sauti ilimtangulia kutoka.

"Nani aliifungua mizani hii?" mke akauliza.

 Tani aligeuza kichwa kuelekea dirisha langu.

Mnajua sasa. Nilidhani nitamaliza bila kufika hapa. Yule mtaalamu mstaafu ni mimi. Dada Mkubwa hakupitia mlangoni, nadhani alipitia ukutani. Alinishika ukosi, akanivusha barabara, na ngumi ya kwanza ikachukua jino. Kwa hiyo yale niliyoapia ni kumi, si kumi na moja.

"Subiri, wifi," mke akasema. "Aseme kwanza."

Nikasema. Miaka ishirini nilinunua nyama kwa Tani, na miaka ishirini kidole gumba chake kilikaa kwenye sahani ya mizani. Kidole hicho nimekilipia kuliko ada za shule. Nilipostaafu nikaamua kuurudishia mtaa haki yake kimyakimya: nikajitolea kuitengeneza mizani, nikatia springi ngumu, inayosoma pungufu. Kila aliyenunua kilo akaondoka na zaidi. Nilicheka peke yangu usiku. "Sikujua anajipima humo!" nikasema. "Nani hujipima kwenye mizani ya ng'ombe?"

"Kidole niliweka," Tani akasema polepole. "Hilo ni kweli."

"Wiki ya kwanza hukujua," mke akaniambia. Hakupaza sauti. "Na Jumatano, niliposukumwa kwenye ukuta wako? Na jana?"

"Jana nilitaka kuja. Kiatu..."

"Viatu ulivaa vyote viwili. Niliviona chini ya pazia lako, nikiwa sakafuni."

Hapo nilitamani ile ngumi irudi. Haikurudi. Dada Mkubwa alikuwa amekaa juu ya gogo, ameshika uso wake kwa mikono miwili, na mdogo mtu hakujua tena apige wapi.

"Mtundikeni," akasema mke.

Dereva akaninyanyua. Nikashika kulabu, nikakunja miguu, mbele ya mtaa mzima uliokwisha kusimama mlangoni, watoto mbele. Hamsini na nne.

"Utalipa uzito wako," mke akasema, "kwa chakula chake. Mayai, parachichi, karanga. Kila Jumapili kilo tano."

"Hamsini na nne, nimekubali!" nikasema haraka.

"Springi ya zamani iko wapi?"

Ilikuwa kwenye kopo, nyumbani kwangu. Mtu haachi kumbukumbu ya kazi nzuri. Walinifanya niirudishe kwa mikono yangu, huku damu ikinidondoka kidevuni, halafu wakanitundika tena. Sitini kamili.

*

Nimelipa Jumapili tisa. Tani alikaa kwenye sabini wiki tatu, mshale ukigoma kama punda. Halafu sabini na moja. Jumapili iliyopita sabini na mbili, na Jumatatu alibeba robo ya ng'ombe kutoka lorini, dereva akitembea nyuma yake na mikono wazi kama anayemfundisha mtoto. Paka amekonda.

Dada Mkubwa huleta samaki. Huwaweka barazani, husema, "Wifi, nimefika," na wifi hushukuru bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani. Anashona kwa shida siku hizi. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunji, na kitambaa kinamponyoka. Sijui mtu analipa nini kwa vidole viwili. Yeye hajasema, na mimi sijathubutu kuuliza.

Leo nimepeleka kikapu kama kawaida. Alikitundika mwenyewe kwa mkono wa kulia, akasogea kusoma. Nilisimama karibu, nikakishika ukingo kwa kidole, kisiyumbe.

"Tano kamili," nikasema.

Alitazama mshale. Hakunitazama mimi.

"Toa kidole, mzee."

Nikakitoa. Mshale ukarudi nyuma. Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa parachichi mbili nilizokuwa nimejiwekea za chakula cha jioni, nikaziweka kikapuni, moja moja.